Mkurugenzi Aliyeagiza Aletewe Kila Kitu

Wiki nzima mmenisumbua kwa ujumbe. Amebonyeza au hakubonyeza? Haya, poeni roho. Bi Amri amebonyeza.

Na skrini kubwa ya chumba cha bodi ikajibu kwa mstari mmoja: Hakuna tukio lililopatikana.

Mshauri akacheka. Hakutoa sauti. Alicheka kwa mabega, wanavyocheka watu waliovaa suti ya kuazima heshima.

Wewe uliyeokota gazeti hili leo kwenye kiti cha kinyozi, shika mkono nikuvushe. Mtu amefuta mipangilio ya pampu kwenye seva ya shirika la maji, Alhamisi mchana, na tangu siku hiyo upande wa juu wa mji unaoga kwa kopo. Bi Amri ndiye fundi wa seva hiyo. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu hashiki kipanya. Huandika amri zake kwenye skrini nyeusi, na mashine hutii. Angeweza kurudisha maji siku ile ile, lakini Mkurugenzi amekataza mtu yeyote kugusa pampu mpaka uchunguzi uishe, na uchunguzi wenyewe umesubiri bodi ipate nafasi ya kukutana.

Bodi imepata nafasi leo asubuhi. Bi Amri asipoonyesha ni nani aliyefuta, unga wake umemwagika, na nje ya mlango kuna askari anayemsubiri, tena ameshaletewa chai.

Jambo moja zaidi. Huyu Mshauri anayecheka kwa mabega, mwenye mfumo mpya wa vitufe vya rangi anaotaka shirika liununue, ni mchumba wa mdogo wake Bi Amri. Harusi ni Jumamosi.

Ndiyo, Jumamosi hii. Tuendelee.

"Umeridhika?" Mkurugenzi aliuliza. "Umetuambia hapa mashine yako inaandika kila tukio. Nani kaingia, nani katoka, nani kafuta. Sasa hilo tukio liko wapi?"

"Halipo," Bi Amri akasema.

"Halipo," Mkurugenzi akarudia, akiwageukia wajumbe ili nao wasikie.

"Halipo, na hapo ndipo penye shaka. Mashine hii haijui kunyamaza. Ukifungua faili inaandika, ukikosea neno la siri inaandika, ukiiangalia tu inaandika. Alhamisi asubuhi imeandika. Alhamisi jioni imeandika. Mchana hakuna hata neno. Aliyefuta mipangilio alirudi akafuta na nyayo zake."

"Nani anaweza kufuta nyayo?"

Aliyeuliza ni Mwenyekiti wa bodi, mkunga mstaafu, mama mwenye tabia moja ambayo Mkurugenzi haipendi hata kidogo. Akiuliza swali husubiri jibu.

"Mwenye akaunti ya mkuu, mama," Bi Amri akasema. "Ile inayoruhusiwa kila kitu."

"Na neno la siri la mkuu analo nani?"

Wajumbe wakaanza kutazama meza. Bi Amri akanyoosha kidole kwenye kompyuta iliyokuwa pembeni ya chumba. Ukingoni mwa skrini yake kulibandikwa karatasi ya manjano yenye neno la siri, herufi kubwa, mwandiko wa Mkurugenzi mwenyewe.

"Lipo pale. Lipo mapokezi pia. Na chumba cha chai, juu ya sinki."

"Hilo ni agizo langu," Mkurugenzi akasema bila aibu yoyote. "Ni sera yetu ya uwazi."

Mwenyekiti aliitazama karatasi ile kwa muda. Mkurugenzi akalegeza tai.

Mshauri akaona mlango umefunguka, akaingia. "Hili ndilo ninalolisema siku zote, waheshimiwa. Habari za kuandikaandika amri zimepitwa na wakati. Shemeji yangu ni fundi mzuri, simkosei heshima, ila ni fundi wa jana. Mfumo wangu hauna amri. Una kitufe kimoja."

"Kibonyeze," Mwenyekiti akasema.

Mshauri akakibonyeza kwa kidole chenye pete. Kiduara kikazunguka kwenye skrini, kikazunguka tena, kisha skrini nzima ikawa kijani. Katikati kukaandikwa: Mfumo una afya njema.

Wajumbe wawili wakapiga makofi. Wengine wakangoja kuona upepo unaelekea wapi.

"Kijani maana yake nini?" Mwenyekiti akauliza.

"Kila kitu kiko sawa, mama."

"Nyumbani kwangu mabomba yanapiga mluzi. Leo nimenawa uso kwa maji ya birika."

"Hiyo ni changamoto ya upande wa mtumiaji, mama."

"Kinakuwa kijani kikikosa jibu," Bi Amri akasema. "Kimeiuliza pampu hali, pampu imezimwa, haikujibu. Chenyewe huchukulia kimya kuwa ni uzima, kinaandika afya njema."

"Ningekuwa mkunga wa namna hiyo," Mwenyekiti akasema, "mngenifunga."

Wale wawili waliopiga makofi wakaficha mikono chini ya meza.

Bi Amri akaomba ruhusa ya amri moja tu. Haibadilishi kitu, akaeleza, inakusanya. Inapita seva nzima ikichukua hali ya diski, huduma zilizo hai na zilizokufa, na mipangilio yote, halafu inafunga kila kitu kwenye kifurushi kimoja, daktari anavyompima mgonjwa kabla ya kumgusa.

"Mimi napinga," Mshauri akasema haraka. Haraka mno, msomaji wangu, na kama hukuliona hilo rudi ulisome tena. "Tutapoteza muda wa bodi."

"Bodi haina haraka," Mwenyekiti akasema. "Maji yenyewe hakuna, tutakwenda kufanya nini majumbani? Andika, mwanangu."

Bi Amri akaandika. Mistari ikaanza kushuka kwenye skrini, myeupe juu ya weusi, upesi kuliko jicho. Wajumbe wakaitazama kwa ile sura ya kujua ambayo huvaliwa na watu wasiojua. Mjumbe mmoja akatikisa kichwa kukubaliana na mstari.

Kisha Bi Amri akasimamisha. Akarudi juu, akasoma.

"Mkurugenzi," akasema, "unakumbuka mwaka jana, uliporudi kutoka ile semina ya hotelini?"

"Nimekwenda semina nyingi."

"Ile ya uongozi makini. Uliniita ofisini, ukaniagiza kila tukio la ukaguzi uletewe nakala. Nikakuambia ni mengi mno, hutayamaliza. Ukaniambia kiongozi makini hachagui cha kujua."

"Nasimamia kauli yangu," Mkurugenzi akasema, akivuta kifua, kwa sababu hakuona inakokwenda.

"Basi bado unaletewa. Mipangilio hii hapa. Tukio likitokea, nakala inaondoka papo hapo, kabla mtu hajapata nafasi ya kulifuta. Aliyefuta alifuta ya huku. Ya kwako hakujua kama ipo." Akamtazama. "Matukio ya Alhamisi mchana yako kwenye simu yako, mheshimiwa. Umekaa nayo mfukoni tangu siku ile."

Mabega ya Mshauri yakatulia.

Simu ya Mkurugenzi ikaletwa mezani, polepole. Mlio wa ujumbe ulizimwa siku ile ile ya kwanza alipoanza kuletewa kila kitu. Kwenye alama ya baruapepe kulikuwa na idadi ya zisizosomwa, na idadi yenyewe ilikuwa ndefu hata haikuenea kwenye kiduara chake.

"Kwenye ripoti ya mwaka," Mwenyekiti akasema, akivaa miwani, "uliandika unayapitia matukio yote binafsi, kila siku."

"Kwa ujumla wake, mama."

"Hata moja hukufungua."

"Nilikuwa nayapitia kwa kuyaona yakiingia."

Mwenyekiti akaichukua simu mwenyewe. Bi Amri akamwelekeza pa kuandika siku na saa. Kidole cha mama kikababaika pembeni mwa simu, kikagusa kile kitufe kidogo cha ubavuni, lakini hakuna aliyejali hilo kwa wakati ule. Likumbuke wewe.

"Nimelipata," Mwenyekiti akasema. "Alhamisi mchana. Kufuta mipangilio ya pampu, upande wa juu. Akaunti iliyofuta: mkuu."

Mshauri akashusha pumzi. "Mkuu ni sisi sote, mama. Karatasi ile pale kwenye skrini. Hapo hutampata mtu."

"Endelea kushuka, mama," Bi Amri akasema, na sauti yake sasa ilikuwa na raha kidogo, Mungu amsamehe. "Hakuna anayeingia moja kwa moja kama mkuu. Unaingia kwanza kwa jina lako, ndipo ujifanye mkuu. Ukibadilisha koti humo ndani, mashine bado inakumbuka uliingia mlangoni na koti gani. Jina la mlangoni limeandikwa chini."

Mwenyekiti akashuka. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akavaa tena, akasoma upya.

"Mwanangu," akasema, "limeandikwa jina lako."

Raha ikamtoka Bi Amri mwili mzima. Aliogopa, na sitawapamba kwa maneno mengine. Aliogopa hadi akashika ukingo wa meza.

"Pole sana, shemeji," Mshauri akasema kwa sauti ya msibani. "Mashine yako mwenyewe imekutaja."

Mkurugenzi alikuwa ameshafufuka. "Mwiteni askari."

"Askari anakunywa chai, mwacheni amalize," Mwenyekiti akasema. Akamgeukia Bi Amri. "Neno lako la siri nalo limebandikwa juu ya sinki?"

"Hapana, mama. Langu nalijua mimi peke yangu. Sijawahi hata kuliandika."

Jamani. Kuna watu wakichimbiwa shimo husaidia kushika jembe. Mkurugenzi alitabasamu hadi magego yakaonekana.

"Lakini hapo chini pana kingine," Bi Amri akasema. "Mahali alipoingilia. Naomba usome."

"Kompyuta ya nyumbani ya fundi."

Kompyuta hiyo ni ile ndogo aliyopewa na shirika ili pampu ikigoma asilazimike kukimbilia ofisini. Huiacha wazi sebuleni siku zote, kwa sababu pampu hazichagui wakati wa kugoma, na mama yake huifunika kitambaa cha kufuma isiingie vumbi. Kila fundi mwenzake angemgombeza kwa uzembe huo. Mama yake alimsifu kwa kuwa na kitu cha kufunikwa.

"Alhamisi mchana sikuwa nyumbani," Bi Amri akasema. "Nilikuwa nimekaa kiti hiki hiki. Mkurugenzi alituita akatuonyesha slaidi zake za uwazi, mchana kutwa. Waliokuwa macho watanikumbuka."

"Mimi nakukumbuka," Mwenyekiti akasema. "Tulikuwa wawili."

Wajumbe wakakohoa kwa zamu.

"Basi nani alikuwa nyumbani kwako?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akilikwepa tangu asikie neno nyumbani. Alhamisi mama yake alikwenda kliniki kupima presha. Waliobaki sebuleni ni mdogo wake na mchumba wake, wakipima mapazia. Mtu anayejua seva, kompyuta iliyo wazi, na mfumo wa vitufe unaohitaji ule wa zamani ufe kwanza. Hesabu ilikuwa nyepesi. Kilichokuwa kizito ni mdogo wake, aliyemlea mgongoni, aliyemfunga kamba za viatu mpaka darasa la tatu, na ambaye leo asubuhi alimwamkia huku akiimba. Akisema, harusi hakuna. Asiposema, kuna askari mlangoni.

"Alikuwepo huyu," akasema, akimtazama Mshauri.

Mliotegemea Mshauri atatokwa jasho, mmenoa. Alitabasamu, akaweka viganja vyote viwili mezani, wazi, kama mtu anayeonyesha hana kitu.

"Nilikwenda kupima mapazia, waheshimiwa. Nikapima, nikaondoka. Sijui hata kompyuta ya shemeji ni ya rangi gani. Inafunikwa kitambaa."

Kabla hajamaliza, simu iliyo mkononi mwa Mwenyekiti ikalia.

Mlio mmoja, mfupi. Mkurugenzi akashtuka kwa sababu alikuwa amesahau kama simu yake inaweza kulia. Mwenyekiti akaishika mbali kidogo na macho.

"Tukio jipya," akasema. "Ameingia. Jina lako. Kompyuta ya nyumbani. Ni la sasa hivi."

Watu wote, bila kuambizana, wakatazama mikono ya Mshauri. Ilikuwa pale pale mezani, imetulia.

Simu ikalia tena. "Amejifanya mkuu." Ikalia tena. "Amefungua mipangilio ya pampu, upande wa chini."

"Upande wa chini uko hospitali," mjumbe mmoja akasema, neno lake la kwanza la maana tangu ateuliwe.

"Ninajua ulipo," Mwenyekiti akasema. Alizalisha wanawake pale mpaka alipostaafu. "Piga simu nyumbani kwako, mwanangu. Weka spika."

Bi Amri akapiga simu kwa mdogo wake, akaiweka mezani. Ikaita kidogo tu.

"Dada, vipi? Mbona unapiga saa za kazi?"

"Uko wapi?"

"Kwa fundi cherehani. Najaribu gauni."

Nyuma ya sauti yake kitu kikaguna, kikatetemeka, kikatulia. Bi Amri aliujua mguno huo. Ni friji la nyumbani, ambalo amekuwa akimwahidi mama yake kulitengeneza tangu mwaka jana. Hakuna fundi cherehani mwenye friji la namna ile.

Macho yakamlowa. Vidole havikungoja. Viliandika amri ya kwanza, ya kuona ni nani yumo ndani ya seva, na jina lake mwenyewe likatokea likiwa nyumbani. Vikaanza kuandika ya pili, ya kumtoa.

"Linakukaaje?" akauliza, akiandika.

"Linanibana kidogo kiunoni."

"Utapungua."

Akabonyeza.

"Ala," mdogo wake akasema kwenye spika. "Imenitoa."

Mshauri akapeleka mkono haraka akate simu, lakini mkono wa Mwenyekiti ulishatangulia kuifunika, mkono uliozoea kudaka vinavyoteleza.

Mdogo wake alikuwa ameiweka simu chini bila kuikata. Sasa alisikika kwa mbali kidogo, akizungumza na mtu aliye karibu naye.

"Imenitoa. Imerudi pale mwanzo, inataka neno la siri tena. Nifanyeje, mama?"

Mshauri akafumba macho.

Na ile sauti ambayo asubuhi ilimsindikiza Bi Amri hadi mlangoni, ikamwombea dua, ikamwambia aende akaseme kweli asiogope mtu, ikajibu bila haraka.

"Si uweke lile lile. Jina nililokuwa nikimwita marehemu baba yenu. Andika taratibu, usikimbize vidole kama dada yako."

"Mama?" Bi Amri akasema. Simu ilikuwa mbali na mama yake, hakumsikia.

Simu ya Mkurugenzi ikalia. Safari hii Mwenyekiti alimsukumia mwenyewe mezani, na Mkurugenzi akaisoma, tukio la kwanza kulisoma tangu aagize aletewe yote.

"Ameingia," akasema.

"Mtoe," Mwenyekiti akamwambia Bi Amri. "Mtoe na mlango uufunge. Wodini kuna watoto."

Vidole vya Bi Amri vilikuwa juu ya vitufe. Havikusogea.